Picha Iliyokatwa Mkia

"Sahani ya kwanza utampa kijana wa watu," alisema Mama. "Nimeshawaeleza wageni maana yake. Ukimpa, umekubali, na leo leo tunapanga siku ya harusi."

"Na nisipompa?"

"Utampa."

Akageuka akaenda kupanga viti sebuleni, na Kitinda akabaki jikoni na kuku wake. Huyo ndiye Mama. Akishaamua jambo, hata vikombe kabatini vinakaa sawa.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja iliyomtangulia Kitinda kuzaliwa. Anayepika ndiye anayepakua, na sahani ya kwanza humpelekea mtu anayemheshimu kuliko wote siku hiyo. Kabla sahani hiyo haijatua mbele ya mwenyewe, hakuna anayegusa kijiko. Baba ndiye aliyeianzisha, na alipokuwa hai sahani ilikuwa yake. Miaka kumi na moja tangu wamzike ilikuwa ya Mama. Leo Mama alikuwa ameitoa kwa mtu ambaye Kitinda hajawahi kumtia machoni, afisa wa kampuni ya bima, mwenye gari na ofisi ya ghorofani. Kitinda alishampa jina kichwani, Bwana Bima.

"Katakata vitunguu bwana, unakodoa macho tu," alisema Dada, aliyekuwa akichambua mchele mezani. Dada alikuwa fundi cherehani, ameolewa, ana maoni juu ya kila kitu. "Mwanamume ana kiyoyozi ofisini. Hatoki jasho! Wewe unang'ang'ania mtu anayenuka mfereji."

"Ananuka sabuni, Dada. Siku moja umnuse vizuri."

"Nimnuse? Mimi? Ana mbwa!"

"Mbwa naye anaoga."

Dada akacheka bila kupenda, halafu akakumbuka yuko upande gani, akakunja uso. Kitinda alimenya kitunguu kwa nguvu kuliko kitunguu kilivyostahili. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Kazini kwake, kwenye duka la miwani, watu wazima na heshima zao walimletea macho yao, naye akawafungia vioo kwa bisibisi ndogo kama sindano, wakatoka wanaona. Lakini akivuka kizingiti cha nyumba hii alikuwa kitinda mimba tu, wa kuambiwa nani ampe sahani.

Dukani hapo ndipo alipomfahamu Fundi. Aliingia siku moja ameshika miwani yake vipande viwili.

"Ilikuwaje?" Kitinda alimuuliza.

"Niliikalia."

"Hukuiona?"

"Dada yangu, ningeionaje na sikuwa nimeivaa?"

Kitinda alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Nje, mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala alikuwa ameketi katikati ya mlango, akimkagua kila mteja juu mpaka chini kabla ya kumpisha. Aliitwa Karani, na baada ya kumtazama dakika mbili mtu hakuhitaji kuuliza kwa nini.

Fundi alikuwa fundi bomba. Mchana alilala chini ya masinki ya watu, na jioni alitembea na Karani, kamera ya zamani ikimning'inia shingoni, mkanda wake umeungwa kwa utepe ule ule anaozungushia mabomba. Hakuwa mpiga picha wa kuitwa kwenye sherehe. Alipiga kwa mapenzi yake, na alikuwa na utaratibu wake: picha moja tu kwa siku. Filamu ya kamera ile ilikuwa adimu, lakini hiyo haikuwa sababu yenyewe. "Ukijua unayo moja tu," alimwambia Kitinda, "unaanza kutazama tangu asubuhi."

Miezi mitano iliyopita alikuja kumsalimia Mama, kistaarabu, shati limepigwa pasi. Mama alizitazama buti zake, akamtazama Karani, kisha akasimama katikati ya mlango.

"Mlango huu hutaingia mpaka uitwe," alimwambia.

"Sawa, Mama," alijibu Fundi. "Nitasubiri kuitwa."

Na kweli alisubiri. Kila Jumapili saa nane mchana alipita na mbwa wake, akasimama upande wa pili wa barabara kwa muda ambao Karani alihitaji kunusa ukuta wa jirani, akainua mkono kusalimia, akaenda zake. Mvua inyeshe, jua liwake, Kitinda alimwona dirishani na moyo ukamruka, na kila Jumapili Mama alivuta pazia.

Saa ya jikoni ilionyesha saba na nusu wageni walipobisha.

* * *

Bwana Bima hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuudhi Kitinda. Alikuwa ametayarisha moyo wake kwa mtu mwenye majivuno, akaletewa mtu mpole, mrefu, mwenye sauti ya taratibu, aliyevua viatu bila kuambiwa. Alikuja na shangazi yake, mama mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Shangazi aliomba kunawa mikono, akapelekwa jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko mikono miwili inavyohitaji.

Kitinda aliamkia, akaketi ukingoni mwa kiti. Mama alitabasamu kwa meno yote.

"Sitaki kuwachosha na maneno mengi," alisema Bwana Bima. "Nimeonyeshwa picha nyingi mimi. Shangazi yangu ni shahidi, nilishasema basi, sitaki tena. Mpaka ilipokuja hii."

Akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa fremu ndogo ya mbao, akaiweka mezani taratibu.

Kitinda alihisi damu inampanda usoni. Wiki tatu alikuwa ameitafuta picha ile. Aliiweka kwenye daftari lake la mapishi, ukurasa wa mchuzi wa nazi, na siku alipofungua ukurasa haikuwepo. Alimsumbua kila mtu nyumbani. Mama alimsaidia kuitafuta, mpaka chini ya godoro.

Ilikuwa picha ya rangi. Kitinda amesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, mvuke umemfunika nusu ya uso, na amegeuza shingo kumtazama mtu. Hakuwa ametabasamu hasa. Midomo ilikuwa inataka kugomba na macho yamekataa kushirikiana nayo. Aliikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa akimwambia Fundi, wewe, usipoteze picha ya leo kwa vitunguu, na Fundi akamjibu, nimeshaipoteza. Hapo chini kulia, karibu na mguu wake, Karani alikuwa amekaa akisubiri kitu kidondoke, mwili wake nje ya picha, lakini mkia wote ulikuwa umeingia ndani.

Mkia haukuwepo. Upande ule wa picha ulikuwa umekatwa, na ukingo wake ulikuwa na meno meno, kama kitambaa kilichokatwa kisifumuke. Kitinda alimgeukia Dada. Dada alikuwa anachunguza dari.

"Nilipoiona," Bwana Bima aliendelea, "nikajiambia, mtu anayetazama hivi ndiye ninayetaka anitazame nikirudi nyumbani. Ni hivyo tu. Sina mengine."

"Ma... maneno mazuri hayo," alisema Mama, ulimi ukikaribia kujikwaa. "Binti yangu ndivyo alivyo. Jikoni ndiko kwake."

"Ee, jiko," alisema Shangazi, aliyekuwa amerudi anajifuta mikono. "Ndilo nilitaka kuuliza. Kwenye picha ukuta una vigae vya kijani. Hapa kwenu naona rangi ya maziwa."

"Tulipaka rangi," alisema Mama.

"Mlipaka rangi vigae?"

"Tulivitoa kwanza."

"Na dirisha? Kwenye picha liko kushoto."

Mama akavuta kitambaa cha meza kikakaa sawa. Dada akakohoa kikohozi kisicho na mwenyewe. Kutoka jikoni Kitinda alisikia mchuzi wake unachemka taratibu, tayari kupakuliwa. Angeweza kunyamaza. Angesema jiko ni la rafiki yake, Shangazi angeridhika au angejifanya ameridhika, na mambo yangeenda. Maisha yake yote alikuwa hodari wa kunyamaza. Alitazama fremu ile mezani, akayaona macho yake mwenyewe, akaona aibu kuyasingizia.

Akapiga moyo konde.

"Si jiko la hapa, Shangazi," alisema. "Ni jiko la Fundi."

"Kitinda!" Mama alifoka.

"Fundi gani?" aliuliza Shangazi.

"Fundi bomba. Ndiye aliyepiga picha hiyo. Nilikuwa nampikia."

"Ulikuwa unampikia fundi bomba," Shangazi alirudia, neno kwa neno, kama anayehakikisha hajakosea namba ya simu.

"Ndiyo. Na nitampikia tena."

Bwana Bima aliichukua fremu, akaitazama upya. Alitazama muda mrefu. Kitinda alimwonea huruma, maana aliona kabisa pale mtu yule alipoelewa.

"Kwa hiyo hapa," alisema polepole, "ulikuwa unamtazama aliyeshika kamera."

"Ndiyo, kaka yangu. Nisamehe. Hayo macho yana mwenyewe."

"Na hapa pembeni? Kilikatwa nini?"

"Mkia," alisema Kitinda.

"Mkia wa nini?" Shangazi alishtuka.

"Wa mbwa wake."

"Jikoni?" Shangazi alishika kifua. "Mbwa alikuwa jikoni?"

Mama alishasimama. Alimshika Kitinda mkono juu ya kiwiko, namna alivyomshika akiwa na miaka saba, akamwongoza jikoni na kusukuma mlango nyuma yao.

* * *

"Unanivua nguo mbele za watu," alisema Mama kwa sauti ya chini.

"Ulichukua picha yangu, Mama. Ukanisaidia kuitafuta chini ya godoro!"

"Nilikuwa nakutafutia maisha."

"Ukamkata mbwa kwa mkasi wa meno wa Dada."

"Ulikuwa karibu!" Mama alisema, na kwa nusu dakika wote wawili wakatazamana kama watakaocheka. Hawakucheka.

"Ulidhani ni mkia wa nani?" Kitinda aliuliza.

Mama alichukua kitambaa, akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Niliujua," alisema mwishowe. "Miezi mitano nauona hapo nje, nitaacha kuujua? Nilijua ni mkia wa nani, na nilijua picha kapiga nani, na nilijua unamtazama nani. Mimi si kipofu wa kuletwa dukani kwako. Nilidhani nikiukata, itakuwa picha tu ya msichana mzuri."

"Na Fundi amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi?"

"Anavaa ovaroli," alisema Mama.

Kitinda alitaka kumjibu, akaona mikono ya mama yake inavyokikamua kitambaa kikavu.

"Baba yako alitoka hapa asubuhi na ovaroli moja, akaacha nyingine kwenye maji. Nikaifua. Nikaianika. Wakaja kuniambia ameanguka kwenye paa la watu, na ovaroli iko kwenye kamba haijakauka." Mama alivuta pumzi. "Nimefua nguo ya mtu ambaye hakurudi kuivaa, mwanangu. Wewe hujui. Huyu wa bima anakaa kwenye kiti. Kiti hakiui mtu. Nataka umpende mtu wa kwenye kiti, ni kosa?"

Miaka kumi na moja, na Kitinda alikuwa hajawahi kusikia habari za ile ovaroli. Machozi yalimjaa. Alitamani amkumbatie mama yake, amwambie sawa, basi, yaishe. Hapo ndipo alipoogopa kweli, maana huruma ingemshinda pale ambapo ukali ulikuwa umeshindwa.

"Mama," alisema. "Nikuulize kitu kimoja. Ulijuta?"

"Nini?"

"Kuolewa na Baba. Ungejua mwisho wake tangu siku ya kwanza, ungekataa?"

Mama alitazama jiko.

"Usiniulize mambo hayo."

"Ungekaa na mtu wa kwenye kiti?"

"Kitinda, wageni wanasubiri chakula."

"Hujanijibu."

"Pakua!" alisema Mama, sauti ikamkatika. "Pakua, na sahani ya kwanza unajua ni ya nani."

"Najua," alisema Kitinda.

Akafungua kabati la juu. Akatoa sahani ya Baba, ya bati ya buluu, yenye pengo dogo ukingoni, ambayo haikuwa imetumika tangu msiba. Mama alitoa sauti ndogo kooni. Kitinda aliiosha, akaifuta, akapakua wali, akaweka paja la kuku na mchuzi mzito, akaongeza vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya asali. Mikono yake, iliyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, haikudondosha hata tone la mchuzi.

"Ukitoka na sahani hiyo nje ya nyumba hii..." Mama alianza.

"Natoka nayo, Mama. Nimekuheshimu miaka kumi na moja kwa sahani ya kwanza, na nitakuheshimu mpaka nife. Ila leo umeniambia niitoe, naitoa. Sheria ya Baba inasema anayepika ndiye anayechagua. Nimechagua."

Ilikuwa saa nane na dakika tatu.

Alipita sebuleni kichwa juu. Dada aliacha mdomo wazi. Shangazi alimfuata kwa macho, sahani, mtu, sahani. Bwana Bima, kwa mazoea tu ya mtu mwenye adabu anayeletewa chakula, alinyoosha mikono kidogo, kisha akagundua, akairudisha magotini. Halafu akafanya jambo ambalo Kitinda alimkumbuka nalo kwa wema siku zote. Aliinuka akamfungulia mlango.

"Huyo mtu ana bahati," alisema.

"Asante, kaka."

"Mwambie anapiga picha vizuri."

* * *

Fundi alikuwa upande wa pili wa barabara, shati lake la Jumapili limeingizwa ndani ya suruali, kamera shingoni. Karani ndiye aliyemwona Kitinda kwanza, au labda alimwona kuku. Alisimama, akatikisa ule mkia uliokatwa, mzima kabisa.

"Vipi?" Fundi aliita. "Kuna nini? Mbona unalia?"

"Silii. Vuka barabara."

"Mama kaniita?"

"Mimi nimekuita."

"Kitinda, nilimwahidi mama yako. Aliniambia mpaka niitwe."

"Alisema uitwe. Hakusema na nani. Hii ni nyumba yangu pia, hayo macho yanayotuchungulia kutoka dirisha la jirani ni mashahidi, na chakula kinapoa. Utavuka au nikuletee katikati ya barabara, magari yatupite?"

Fundi akavuka. Alisimama mbele yake kwenye ngazi za baraza, na Kitinda akamwekea sahani ya buluu mikononi, yote miwili. Alikuwa amemsimulia habari za sahani ile. Fundi aliitazama, akaona pengo la ukingoni, akaelewa ameshika nini.

"Hii ni ya kwanza?" aliuliza.

"Ya kwanza."

"Na wageni?"

"Hawajala."

"Kitinda..."

"Usinililie kwenye mchuzi. Umeshapiga picha ya leo?"

"Bado."

"Basi usisogee."

Akamvua kamera shingoni, mkanda wenye utepe wa mabomba ukamkwaruza sikio. Akaweka jicho mahali alipozoea kumwona Fundi akiweka lake. Ndani ya kidirisha kile kidogo kulikuwa na mwanamume aliyeshika sahani ya bati kana kwamba ameshika mtoto mchanga, miwani yake imejaa mvuke, na alikuwa anamtazama yeye. Kitinda alijua mtazamo ule. Alikuwa ameuona dakika chache zilizopita, ndani ya fremu, kwenye uso wake mwenyewe. Akarudi nyuma hatua moja ili Karani aingie mzima, mpaka ncha ya mkia, akabonyeza.

Aliposhusha kamera, Mama alikuwa mlangoni.

Mama aliitazama sahani, akaitazama mikono iliyoishika, mikono yenye makovu ya spana na kucha zilizosuguliwa mpaka zikawa nyekundu kwa ajili ya Jumapili. Kitinda alisimama kati yao akiwa amenyoosha mgongo, tayari kwa lolote. Kama ni kufukuzwa, angefukuzwa. Begi lake lilikuwa chini ya kitanda na alijua zipu iko wapi.

"Shikamoo, Mama," alisema Fundi.

Macho ya Mama yalikuwa mekundu.

"Mbwa abaki nje," alisema, akageuka, akaingia ndani. Mlango akauacha wazi.

Fundi hakuthubutu kusogea.

"Kasema mbwa abaki nje," alinong'ona.

"Nimesikia."

"Na mimi je?"

"Wewe hujatajwa," alisema Kitinda. "Vua viatu."